UKUTA WA DARINI: Umri wa Kunywa Pombe ni Mzigo wa Nani?

Somo la wiki: Kumbukumbu la Torati 22:8, Habakuki 2:15, Yeremia 35, Danieli 1



Mwishoni mwa Julai 2025, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alizindua sera mpya ya taifa kuhusu pombe na dawa za kulevya, iliyoandaliwa na NACADA. Ndani yake mna mapendekezo mengi, lakini moja ndilo lililozungumzwa kila mahali, kwenye matatu, saluni, na hata hapa nje ya kanisa baada ya ibada: kwamba umri wa kuuziwa na kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Sera si sheria. Mpaka Bunge libadilishe Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi bado tunaiita sheria ya Mututho, umri unabaki 18.

Wazee wengi walisema "Amina" kabla ya kusikia neno la pili. Vijana wengi wakanuna. Na wapo waliosema kinyume kabisa, kwamba umri ungeshushwa, mtoto aanze kuonja mapema akiwa chini ya macho ya wazazi, ili pombe isiwe kitu cha ajabu kwake. Wanatutolea mfano wa Ujerumani, ambako kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kununua bia.

Sasa tuseme nini sisi? Kanisa letu linafundisha kujiepusha kabisa, na wiki hii hatubadilishi mafundisho hayo. Lakini sheria ya nchi haiwi ya kanisa letu peke yake. Ni ya Wakristo wenzetu wanaotumia divai mezani, ni ya jirani zetu Waislamu ambao kwao ni haramu, na ni ya asiye na dini yoyote. Hatuwezi kuliomba Bunge lilete utakatifu. Tunaweza kuliomba nini basi? Hilo ndilo swali, na jibu lake nimelipata mahali ambapo hatuendi sana, kwenye Kumbukumbu la Torati 22:8.

Ukuta wa darini

Mungu anamwambia Mwisraeli: ukijenga nyumba mpya, weka ukuta kuzunguka dari, mtu asije akaanguka ukawa na damu nyumbani mwako.

Watu wa Tononoka hatuhitaji kufafanuliwa sana. Juu ya ghorofa zetu tunaanika nguo, watoto wanacheza huko, jioni watu wanapanda kupunga upepo. Tunajua ghorofa isiyo na ukuta juu ni kitu gani.

Hebu angalieni mambo matatu katika amri hiyo. Kwanza, haimkatazi mtu kupanda darini. Pili, haiulizi anayeanguka ni nani, kama ni mtoto, ni mgeni, au ni mtu mzima aliyekuwa hatazami anapokanyaga. Tatu, na hili ndilo la kushika: amri haielekezwi kwa anayeanguka. Inaelekezwa kwa mwenye nyumba. Damu ni juu yake.

Shikeni hilo, tutalirudia. Kwanza tumsikilize kijana.

Hoja ya kijana tuisikie yote

Mithali 18:13 inatuonya tusijibu kabla hatujasikia. Kijana mmoja wa ushirika wetu wa vijana aliliweka swali hivi: "Pasta, mimi nina kitambulisho. 2027 napiga kura. Nikitaka kuingia jeshi, KDF wanachukua kuanzia miaka 18. Nikitaka kuoa, sheria inaniruhusu. Nikikosa, mahakama ya watoto hapa Tononoka hawanitaki tena, napelekwa kwa wakubwa, na nikifungwa ni Shimo la Tewa na watu wazima. Sasa kwa chupa peke yake ndio nigeuke mtoto?"

Na niongeze: kijana huyu hanywi. Hakuwa anatetea chupa. Alikuwa anatetea heshima yake.

Hoja yake ina uzito. Katiba yetu, Ibara ya 260, inasema mtu mzima ni aliyefika miaka 18. Mlango wa mahakama ya watoto, hapo tunapopita kila siku, unafungwa siku ya kuzaliwa ya kumi na nane. Tukimwambia kijana kwamba ni mkubwa wa kutosha kwa adhabu lakini ni mdogo mno kwa uhuru, atatuona wanafiki.

Pia iko historia ambayo wazee wetu hawajaisahau. Wakati wa mkoloni, sheria ilimkataza Mwafrika kununua pombe kali ya Kizungu, hata awe babu mwenye mvi. Mzungu alinunua apendavyo. Sababu waliyotoa ilikuwa ni kwamba Mwafrika hawezi kujitawala. Yaani sheria ya pombe iliwahi kutumika kumfanya mtu mzima mtoto. Kwa hiyo kijana anapoihofia sheria ya namna hiyo, msimwambie ni kiburi tu.

Umri hufuata mzigo

Pamoja na hayo, Biblia inatuonyesha kwamba si kila jambo hufunguliwa kwa umri mmoja. Katika Hesabu 1:3 aliyehesabiwa kwa vita alikuwa na miaka 20 na zaidi. Katika Hesabu 8:24 Mlawi aliingia kazini kwenye hema akiwa na miaka 25. Katika Hesabu 4:3 waliohesabiwa kwa kubeba vyombo vitakatifu walianzia miaka 30. Wafafanuzi wengi wanasema miaka ile mitano katikati ilikuwa ya kujifunza.

Je, Mlawi wa miaka 25 alidharauliwa kwa kuwa hakubebeshwa sanduku? Hapana. Alikuwa mtu mzima kamili. Aliweza kuoa, lakini mzigo ule ulingoja. Umri ulifuata uzito wa kitu, haukupima thamani ya mtu.

Paulo naye katika Wagalatia 4:1-2 anazungumza juu ya mrithi. Mali yote ni yake, lakini anakaa chini ya walezi mpaka wakati uliowekwa na baba. Hakuwekwa chini yao kwa sababu si mwana. Aliwekwa kwa sababu ni mwana, na baba hataki urithi upotee.

Madaktari wanatuambia ubongo wa mwanadamu unaendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya ishirini, hasa ile sehemu inayotusaidia kupima hatari na kujizuia. Pombe inaingia hapo hapo. Anayeanza mapema ana hatari kubwa zaidi ya kufungwa na kileo baadaye. Kwa hiyo miaka mitatu ya kungoja si tusi. Na kwa wale wa mfano wa Ujerumani, nawajibu kwa upole: Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba Ulaya ndiyo inayokunywa pombe nyingi kuliko bara lolote, ukigawanya kwa kichwa. Kuanza mapema nyumbani hakukuwapa kiasi tunachoahidiwa.

Hata mila zetu zilijua jambo hili. Kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki pombe ilikuwa ya wazee. Huku kwetu Pwani, mnazi wa mahari na wa matambiko ulikaa mikononi mwa wazee wa Kimijikenda, na kijana hakujikaribisha. Sisemi turudi kwenye matambiko. Nasema babu zetu hawakuona aibu kumwambia kijana, "Ngoja."

Waliojaribu

Marekani walipitia mjadala huu kabla yetu. Mwaka 1971 walishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, kwa hoja ile ile ya kijana wetu: kama anaweza kufa vitani, na apige kura. Baada ya hapo majimbo mengi yakaona haya, yakashusha na umri wa kunywa. Miaka si mingi ikapita, ajali za vijana waliolewa zikaongezeka barabarani. Mwaka 1984 Rais Reagan alitia sahihi sheria ya taifa: jimbo lisilopandisha umri hadi 21 lingekatwa sehemu ya fedha za barabara. Majimbo yote yalikubali. Mamlaka yao ya usalama barabarani inakadiria kwamba sheria hiyo imeokoa maisha ya watu mamia kila mwaka.

Miongoni mwa waliopigania sheria hiyo walikuwa akina mama waliofiwa. Candace Lightner alimpoteza binti yake Cari, mwenye miaka 13, aliyegongwa na dereva mlevi huko California mwaka 1980. Mama huyo akaanzisha chama cha akina mama dhidi ya madereva walevi, na chama hicho kikasukuma mpaka umri wa 21 ukapita. Lakini kumbukeni jambo moja: dereva aliyemuua Cari hakuwa kijana. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu.

Upande wa pili pia niuseme, nisije nikawapa nusu ya habari. Mwaka 2008 wakuu wa vyuo vikuu zaidi ya 100 huko Marekani walitia sahihi tamko la kutaka suala la 21 lijadiliwe upya. Walisema sheria haikumaliza pombe vyuoni. Ilizihamishia vyumbani, gizani, ambako kijana anakunywa haraka haraka na kwa wingi, na akizidiwa wenzake wanaogopa kuita msaada.

Nani anasema kweli? Wote wawili. Ukuta wa darini unapunguza wanaoanguka. Haumzuii anayetafuta njia ya kuuruka.

Ole ni ya nani?

Sasa turudi kwa mwenye nyumba.

Habakuki 2:15 inatoa ole. Tukizungumzia pombe, mara nyingi vidole vyetu vinamwelekea mlevi, hasa akiwa kijana. Nabii hakuanza hapo. Ole yake ni juu ya anayemnywesha jirani yake, anayemmiminia mpaka alewe. Kumbukumbu la Torati inamdai mwenye nyumba, Habakuki anamdai mwenye kumimina. Neno ni lile lile.

Hata sheria yetu ya 2010, ukiisoma vizuri, imejengwa hivyo. Inamkataza muuzaji kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Inakataza baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule. Hiyo ni mizigo ya mtu mzima. Umri wa kunywa, ukiutazama sawasawa, si hukumu iliyoandikwa juu ya paji la uso wa kijana. Ni amri kwa mtu mzima anayeuza, anayetuma, na anayenyamaza.

Hebu sasa tujiulize, amri hiyo tumeishika vipi? Uchunguzi wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulikuta watu walioonja pombe mara ya kwanza wakiwa na miaka 7. Miaka saba! Huyo hakwenda dukani na kitambulisho cha kughushi. Alipewa, au alitumwa, au aliikuta imeachwa mezani. Kati ya miaka 7 na miaka 18 iko miaka 11, na katika miaka yote hiyo 11 sheria ilikuwa upande wake. Aliyekosekana ni mtu mzima.

Februari 2024, katika kijiji cha Kangai kule Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe yenye sumu. Taarifa za wakati huo zilisema pombe ile ilikuwa kielelezo kilichotolewa kituo cha polisi. Yaani kilichokamatwa ili kisiue watu kilirudi kikawaua. Aliyewekwa kuulinda ukuta aliuza matofali yake.

Na hapa kwetu Mombasa, Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka. Wazazi wengi walifurahi, Waislamu kwa Wakristo. Haikuchukua siku nyingi, Mahakama Kuu kule Embu ikasimamisha marufuku hayo. Sitaki kuingia katika kesi hiyo, ina wakulima wenye watoto wao wa kulisha. Nasema tu kwamba aliyeukabidhi ulezi wa mwanawe kwa tangazo la serikali alijikuta wiki hiyo hana tangazo wala ulezi.

Ndiyo maana nawaambia: naunga mkono 21, lakini naogopa 21 ya namna moja. Naiogopa ile ambayo itakuwa sababu mpya ya msako, ambapo kijana wa miaka 19 anakamatwa usiku, anazungushwa kwenye gari, babake anapigiwa simu "aje na kitu kidogo", na aliyeuza chupa anafungua duka kesho yake kama kawaida. Naogopa pia kijana huyo akifungiwa chupa yenye muhuri, aende kwenye kichochoro ambako hakuna muhuri, hakuna umri, na hakuna anayejua kilichochanganywa ndani. Mnakumbuka Mei 2014, makumi ya watu walikufa na wengine kupofuka kwa pombe yenye methanoli kule Embu, Kitui, Makueni na kwingineko.

Kwa hiyo tukiulizwa maoni kama raia, tuseme hivi: pandisheni umri, lakini mzigo wa adhabu umwelemee anayeuza. Kijana atakayekutwa amekunywa aitiwe mzazi na mshauri, asifanywe mfuko wa mtu wa kuchukulia hongo.

Daudi naye alikuwa darini

Sasa niingie ndani zaidi, maana tukikoma hapa tutakuwa tumehubiri siasa.

Katika Matendo 10:9 Petro alipanda darini kuomba, na huko Mungu akamwonyesha maono yaliyowafungulia mataifa mlango. Katika 2 Samweli 11:2 Daudi alikuwa akitembea darini jioni, akamwona Bath-sheba akioga. Wote wawili walikuwa darini, na nadhani dari la mfalme halikukosa ukuta. Ukuta ulizuia mwili wa Daudi usianguke. Moyo wake ulianguka akiwa amesimama wima.

Na Daudi hakuwa na miaka 18. Hakuwa na 21. Alikuwa mtu mzima, mfalme, mwenye wake na watoto.

Hapo ndipo uwezo wa sheria unapofikia mwisho. Sheria inaweza kuuchelewesha mkono. Haiwezi kuufundisha moyo kukataa. Kijana aliyelindwa na sheria mpaka miaka 21 bila kufundishwa lolote, siku anapotimiza 21 anafika baa akiwa mgeni kabisa. Ana ruhusa lakini hana neno la kujibu.

Danieli ndiye kinyume chake. Katika Danieli 1:5 mfalme mwenyewe alimwekea divai, sehemu ya kila siku. Tafakarini hilo. Hakuna sheria iliyomlinda. Sheria ya Babeli ilimpelekea kikombe mezani, bure, kwa heshima ya ikulu. Alikuwa kijana, mbali na wazazi, mbali na hekalu, hakuna mzee wa kanisa wa kumchungulia. Mstari wa 8 unatuambia alikuwa ameshaazimu moyoni. Na alipokataa hakutukana wala hakujigamba. Alimwomba msimamizi kwa adabu, akapendekeza wajaribiwe siku 10.

Swali ni hili: Danieli alijifunza wapi? Hakujifunzia Babeli. Alifika Babeli akiwa tayari anajua. Kuna nyumba huko Yuda iliyomwandaa kwa siku ambayo sheria haitakuwa upande wake.

Nyumba ya Rekabu

Tunaiona nyumba ya namna hiyo katika Yeremia 35. Mungu anamwambia nabii awaite Warekabi katika chumba cha nyumba ya Bwana, awawekee mabakuli yaliyojaa divai na vikombe, awaambie wanywe. Mahali ni patakatifu, mwenyeji ni nabii, hakuna atakayewalaumu. Wakakataa. Sababu yao? Yonadabu, baba yao, aliwaagiza wasinywe. Na Yonadabu huyo aliishi siku za mfalme Yehu, zaidi ya miaka 200 nyuma!

Mungu hakuwasifu kwa sababu divai ni sumu. Aliwasifu kwa kuwa neno la baba yao bado lilikuwa na nguvu ndani yao. Sheria gani ya Bunge imewahi kukaa miaka 200 mioyoni mwa watu?

Lakini tazameni, Yonadabu hakutoa agizo la kunywa peke yake. Aliwapa watoto wake maisha mazima, ya kukaa hemani, bila mashamba ya mizabibu, na waliyaishi kama familia. Neno la mzazi linadumu pale mzazi mwenyewe anapoliishi. Baba anayemtuma mwanawe wa miaka 12 dukani "nenda kaniletee ile ndogo", halafu akamchapa akiwa na 17 kwa kulewa, ameshamfundisha. Somo liliingia siku ya kutumwa.

Jirani zetu wa Mji wa Kale wanatuonyesha jambo hili. Wako vijana wengi wa Kiislamu pale ambao wametimiza miaka 18, sheria ya Kenya inawaruhusu kunywa tangu hapo, na hawajawahi kugusa. Nao wana shida zao kama sisi, dawa za kulevya hazikuchagua dini. Lakini katika pombe, nyumba na mtaa vimefanya kazi ambayo Bunge halikufanya. Tusione haya kujifunza.

Tufanye nini Tononoka?

Neno lisibaki darini, lishuke ngazi. Naomba tuanze na sisi tuliookoka, kabla ya kuwatazama wengine.

Mwenye nyumba. Wako kati yetu wenye vyumba vya kupangisha. Mpangaji wa duka la pombe halipi vibaya, na analipa kwa wakati. Sitakutajia kiwango cha kodi ya kukataa. Nakuomba tu usome Kumbukumbu la Torati 22:8 ukiwa na funguo za kile chumba mkononi, kisha uamue mbele za Mungu. Sadaka yako tutaipokea ikiwa ndogo.

Mzazi. Usimtume mtoto pombe, wala usimtume kwa mgeni wako. Sherehe za nyumbani, Krismasi, mjomba ametoka safari na kreti, hapo ndipo wengi walionja mara ya kwanza. Mjomba aheshimiwe, lakini aambiwe.

Mkaaji. Sheria inawapa watu wa mtaa nafasi ya kupinga leseni ya baa inapoombwa. Tumezoea kulalamika baada ya muziki kuanza. Tufuatilie matangazo hayo, tuandike barua, tutie sahihi pamoja na jirani wa msikitini.

Kijana. Usingoje 21 ndipo uamue. Azimu sasa, ukiwa na akili timamu, kabla kikombe hakijafika mezani. Na usikatae kwa kuwa unaonekana mtoto. Danieli alikataa kama mtu mzima.

Na kwako wewe uliyeshaanza, unayekaa viti vya nyuma na kutafuna peremende ili tusisikie harufu: tunakujua, na tunakupenda. Wagalatia 6:1 inatuagiza tumrejeshe mwenzetu kwa roho ya upole. Hakuna atakayekusimamisha mbele ya watu. Njoo ofisini, au mwambie mzee mmoja unayemwamini. Nambari ya NACADA ni 1192, haina malipo, na kituo chao cha matibabu kiko hapa hapa Miritini. Kwenda huko hakupunguzi imani. Tutakuombea, na tutakusindikiza mpaka mlangoni.

Mwisho

Bunge likipandisha umri hadi 21, tutamshukuru Mungu kwa ukuta huo. Likiacha 18, kazi yetu haijapungua hata kidogo. Siku ile hatutaulizwa kijana wetu alikuwa na miaka mingapi alipoanguka. Tutaulizwa dari lilikuwa la nani.

Maombi: Baba, tupe ujasiri wa kujenga ukuta tulipojenga nyumba tu. Warehemu waliokwisha kuanguka, na utufanye mikono ya kuwainua. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii:

1. Katika nyumba yako au biashara yako, ni mahali gani dari halina ukuta?
2. Kijana aliyepiga kura aambiwe angoje hadi 21: ni haki au si haki? Vijana wazungumze kwanza, wazee wasikilize.
3. Ni neno gani la mzazi wako bado lina nguvu ndani yako, na lilidumu kwa sababu gani?